Bafa: Nafasi ya Habari Zinazoingia Bila Hodi

Kompyuta iliyounganishwa na mtandao haichagui saa ya kupokea habari. Habari hufika kwa vipande vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti hufika kwa wakati wake, kompyuta iwe tayari au isiwe tayari. Mtu anayekinga maji ya mvua chini ya bati hawezi kuiambia mvua isubiri mpaka atakapopata ndoo. Asipokuwa na chombo mvua inaponyesha, maji hayo yamekwisha kupotea. Ndivyo ilivyo kwa kompyuta: pakiti ikifika na pasiwe na mahali pa kuiweka, hutupwa.

Mahali hapo pa kuweka pakiti kwa muda huitwa bafa. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta yenye ukubwa uliopimwa, na pakiti hukaa humo tangu inapoingia hadi inapokabidhiwa programu inayoihitaji. Kazi ya kutenga bafa, kuzigawa na kuzirudisha ni ya mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuzigawia programu nyingine nafasi na muda. Makala haya yanaeleza kwa nini bafa za mtandao hutengwa mapema, namna zinavyosimamiwa, na hatari zinazozuka usimamizi huo unapolegea. Hesabu zilizomo hazizidi kuzidisha na kugawanya.

KWA NINI NAFASI ITENGWE MAPEMA

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mfumo endeshi usingoje pakiti ifike, ujue ukubwa wake, ndipo uitafutie nafasi inayoitosha? Programu nyingi za kawaida hufanya hivyo na hazidhuriki. Katika mtandao, hata hivyo, njia hiyo haifai kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni muda. Chukua mtandao wa aina ya Etheneti unaopitisha biti bilioni 10 kwa sekunde. Pakiti ndogo kabisa katika mtandao huo ina baiti 64. Kabla yake hutangulia baiti 8 za kumwamsha mpokeaji, na baada yake huachwa pengo lenye urefu wa baiti 12. Jumla ni baiti 84, na kwa kuwa baiti moja ina biti 8, hizo ni biti 672. Basi:

672 ÷ 10,000,000,000 = sekunde 0.0000000672

yaani nanosekunde 67.2, ambapo nanosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Kwa kasi hiyo pakiti karibu milioni 14.88 zaweza kufika kwa sekunde moja. Kutafuta nafasi katika kumbukumbu ya jumla huweza kuchukua muda mrefu kuliko nanosekunde 67. Lililo baya zaidi ni kwamba muda huo hautabiriki: mara huwa mfupi, mara huwa mrefu, kwa kuwa nafasi zilizo wazi zimekuwa mapengo madogo madogo yaliyotawanyika.

Sababu ya pili ni hali ambamo kazi hiyo hufanyika. Pakiti inapofika, kadi ya mtandao hupeleka ishara inayokatiza kazi ya kichakataji, ambacho ndicho sehemu ya kompyuta inayotekeleza maagizo. Programu ya kawaida ikikosa kumbukumbu huweza kuwekwa kando mpaka nafasi ipatikane. Programu inayoitikia ishara ya kukatiza hairuhusiwi kungoja, maana kazi iliyokatizwa yaweza kuwa ndiyo hiyo hiyo iliyotarajiwa kuachia nafasi. Kila mmoja angemngoja mwenzake, na mashine ingesimama.

Sababu ya tatu ni kwamba kadi za mtandao za siku hizi huandika pakiti katika kumbukumbu moja kwa moja, bila kukipitia kichakataji. Ili kadi iweze kufanya hivyo, sharti iwe imekwisha kuelezwa anwani ya mahali pa kuandika. Anwani itolewayo baada ya pakiti kufika imechelewa.

AKIBA YA BAFA

Kwa sababu hizo mfumo endeshi, unapoanza kazi, hutenga akiba ya bafa nyingi zenye ukubwa mmoja. Bafa zisizotumika huungwa pamoja katika orodha: ya kwanza huhifadhi anwani ya ya pili, ya pili huhifadhi anwani ya ya tatu, na kuendelea hadi ya mwisho. Anayehitaji bafa huchukua ile ya mbele. Anayerudisha huiweka hapo hapo mbele. Kazi zote mbili ni za hatua chache tu, na muda wake hauongezeki hata kama akiba ina bafa 100 au 100,000. Tena, kwa kuwa bafa zote ni sawa, yoyote iliyo wazi inafaa. Hapana haja ya kupima.

Swali gumu ni hili: bafa iwe na ukubwa gani? Mfano mzuri umo katika mfumo endeshi ulioitwa 4.2BSD, uliotolewa mwaka 1983 na Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Bafa zake ziliitwa mbuf. Kila mbuf ilikuwa na baiti 128. Kati ya hizo 112 zilikuwa za data, na zilizosalia zilikuwa za maelezo na anwani za kuiunganisha na nyingine. Kwa data kubwa palikuwa na hifadhi ya pili yenye vyumba vya baiti 1,024.

Sababu ya kuwa na saizi mbili yaonekana kwa hesabu. Mtu anayechapa herufi moja kwenye kompyuta ya mbali hupeleka pakiti ya baiti 41: baiti 40 za anwani na maelezo, na moja ya herufi yenyewe. Pakiti hiyo ikiwekwa katika bafa ya baiti 2,048, baiti 2,007 hubaki tupu, na hiyo ni asilimia 98 ya bafa. Kwa upande mwingine, pakiti ya baiti 1,500 ikiwekwa katika mbuf za baiti 112 itahitaji mbuf 14, na kila mojawapo italazimu kuchukuliwa, kuungwa na kurudishwa. Bafa kubwa hupoteza nafasi; bafa ndogo hupoteza muda. Hakuna saizi inayokwepa hasara zote mbili, na mhandisi hana budi kujua ni pakiti za namna gani zitakazopita katika mashine yake kabla hajakata shauri.

PETE YA KUPOKEA

Kati ya akiba na kadi ya mtandao kuna orodha nyingine, ambayo huitwa pete kwa kuwa baada ya nafasi yake ya mwisho hurudi ya kwanza. Tuseme pete ina nafasi 256. Katika kila nafasi programu inayoiendesha kadi, yaani kiendeshi, huandika anwani ya bafa moja tupu. Kadi hujaza bafa hizo kwa zamu, na kiendeshi huifuata nyuma, kikitoa zilizojaa na kuweka tupu.

Pete hununua muda. Ikiwa pakiti ndogo zinafika mfululizo kwa kasi iliyotajwa juu, pete tupu ya nafasi 256 hujaa baada ya:

256 × 67.2 = nanosekunde 17,203 hivi

yaani mikrosekunde 17.2. Kichakataji kikishughulika na jambo jingine kwa muda unaozidi huo, pakiti zitaanza kutupwa, ijapokuwa akiba kubwa inaweza kuwa imejaa bafa tupu. Akiba iliyoko ghalani haimfai aliyekauka mlangoni.

Hapa viendeshi vingi vilivyoandikwa vizuri hufuata kanuni moja fupi: pata bafa ya badala kwanza, ndipo uitoe iliyojaa. Pakiti inapofika, kiendeshi huomba bafa tupu kutoka akibani. Kikiipata, huiweka katika pete na kuikabidhi iliyojaa kwa tabaka za juu. Kisipoipata, huitupa pakiti iliyofika na kuirudisha bafa ile ile katika pete. Kwa mtazamo wa haraka huo ni ukatili, maana pakiti ilikwisha kufika salama. Lakini fikiri kinyume chake. Kiendeshi kikikabidhi bafa bila ya badala, pete inapungukiwa nafasi moja. Jambo hilo likirudiwa mara 256, pete ni tupu. Kadi haina pa kuandika, haipokei kitu, na kwa kuwa haipokei kitu, haipeleki ishara yoyote ya kumwamsha kiendeshi. Mashine inakuwa kiziwi, na huenda hata kumbukumbu ikipatikana baadaye asiwepo wa kuiambia. Kupoteza pakiti moja ni hasara ndogo, kwani mpelekaji aghalabu huituma tena. Kupoteza uwezo wa kupokea ni hasara isiyojirekebisha yenyewe.

KILA BAFA NI DENI

Katika bwalo la shule ya bweni kuna sahani 200. Wanafunzi hula kwa zamu, sahani huoshwa, kisha hurudi mezani. Mwanafunzi mmoja akibeba sahani kwenda nayo bwenini na asiirudishe, siku hiyo hakuna atakayeona tofauti. Wakifanya hivyo wanafunzi wawili kila siku, baada ya siku 100 hakuna atakayekula, ingawa chakula kipo tele jikoni.

Bafa nazo ni vivyo hivyo. Pakiti hupita mikononi mwa wengi: kadi, kiendeshi, tabaka za itifaki zinazochunguza anwani na kupanga data, na hatimaye programu ya mtumiaji. Wakati wowote bafa iwe na mwenyewe anayejulikana, na mwenyewe wa mwisho ndiye mwenye wajibu wa kuirudisha. Kosa la kawaida halitokei katika njia ya salama. Hutokea katika njia ya hitilafu: pakiti imeonekana kuwa na kasoro, programu inaikataa, inaandika kumbukumbu ya kosa, halafu inaendelea na kazi nyingine bila kuirudisha bafa. Mtunga programu aliifikiria pakiti akasahau chombo chake.

Chukua akiba ya bafa 4,096, na mashine inayopokea pakiti 2,000 kwa sekunde. Tuseme pakiti moja katika kila 10,000 ina kasoro, na bafa yake hairudishwi. Bafa zinazopotea ni 2,000 ÷ 10,000, yaani 0.2 kwa sekunde. Akiba yote itakwisha baada ya 4,096 ÷ 0.2 = sekunde 20,480, ambazo ni saa 5, dakika 41 na sekunde 20. Mashine hiyo itafaulu kila jaribio la nusu saa. Itawashwa asubuhi mbele ya wakubwa na kusifiwa, kisha itaziba mchana.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, na lina madhara makubwa zaidi: kurudisha bafa moja mara mbili. Bafa hiyo huonekana mara mbili katika orodha ya zilizo wazi, na siku moja hupewa pakiti mbili kwa wakati mmoja. Data ya mtu mmoja huandikwa juu ya data ya mwingine. Uvujaji huisimamisha mashine, na kila mtu huona. Kosa hili huiacha mashine ikiendelea kufanya kazi huku ikisema uongo. Ndiyo maana bafa inayotumiwa na wengi kwa pamoja huwekewa hesabu ya watumiaji. Kila anayeanza kuitumia huongeza 1, kila anayemaliza hupunguza 1, na hesabu inapofika 0 ndipo bafa hurudi akibani.

MKWAMO WA ARPANET

Umuhimu wa kutenga nafasi mapema ulijulikana kwa taabu katika mtandao wa ARPANET, uliounganisha vituo vinne vya kwanza huko Marekani mwaka 1969. Kila kituo kilikuwa na kompyuta ndogo ya kupokea na kupeleka pakiti, iliyotengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman. Kumbukumbu yake ilikuwa ya maneno elfu 12 hivi ya biti 16, yaani baiti zipatazo 24,000, na humo mlitakiwa kukaa programu pamoja na bafa zote.

Ujumbe mrefu uligawanywa kuwa pakiti zisizozidi 8. Kituo cha mwisho kilizikusanya pakiti, kikazipanga, kisha kikaukabidhi ujumbe mzima kwa kompyuta iliyoandikiwa. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kwamba kituo hicho kina bafa 6 za kukusanyia, na kwamba jumbe mbili, A na B, zenye pakiti 4 kila mmoja, zinakuja kwa pamoja. Zimekwisha kufika pakiti 3 za A na 3 za B. Bafa zote 6 zimejaa. Ujumbe A unangoja pakiti yake ya nne, lakini pakiti hiyo haina pa kuingia. Ujumbe B nao ni hivyo hivyo. Hakuna bafa inayoweza kuachiwa, kwa sababu hakuna ujumbe uliokamilika. Na hakuna ujumbe unaoweza kukamilika, kwa sababu hakuna bafa. Pakiti zinazongoja nje hujaza bafa za vituo jirani, na mkwamo husambaa. Hakuna waya uliokatika wala kifaa kilichoharibika. Kila kituo kinatii maagizo yake barabara, na hakuna kinachosogea.

Robert Kahn, mmojawapo wa wabunifu wa mtandao huo, alikuwa ameionya hatari hiyo, na majaribio ya mapema yakaithibitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 programu ya vituo ikabadilishwa. Tangu hapo, kituo kilichotaka kupeleka ujumbe mrefu kilipaswa kuomba nafasi kwanza; kituo cha mwisho kilitenga bafa za kutosha pakiti 8, kikajibu kuwa zipo, ndipo ujumbe ukaanza safari. Ujumbe mfupi wa pakiti moja uliruhusiwa kwenda bila maombi, lakini mpelekaji alihifadhi nakala mpaka apate jibu, ili ukitupwa kwa kukosa nafasi uweze kupelekwa tena. Funzo lake ni kwamba haitoshi kuwa na bafa. Yapasa kutoanza kazi ambayo bafa za kuimaliza hazijapatikana.

Mwalimu aweza kuuonyesha mkwamo huu darasani kwa viti 6 mbele ya ubao na wanafunzi 8 wenye kadi za A1 hadi A4 na B1 hadi B4. Wanafunzi waketi kwa mpangilio wowote, na kundi liruhusiwe kuondoka litakapotimia wanne. Baada ya majaribio machache darasa litajigundulia lenyewe ni lini viti hukwama, na kiti kimoja zaidi kingebadilisha nini.

AHADI YA NAFASI NA UMBALI

Wazo hilo la ahadi liliendelezwa katika itifaki ya TCP, ambayo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ya intaneti. Kila jibu la mpokeaji hutaja idadi ya baiti ambazo bado ana nafasi nazo, na mpelekaji haruhusiwi kuizidi. Idadi hiyo huitwa dirisha. Katika kanuni za awali dirisha halikuweza kuzidi baiti 65,535.

Athari ya kikomo hicho iligusa Afrika Mashariki. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za nyuzi za kioo zilipoanza kufika pwani hii kupitia chini ya bahari, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya eneo hili ilipitia setilaiti zilizoko kilomita zipatazo 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,500. Kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo huchukua karibu sekunde 0.24, na kwenda na kurudi karibu nusu sekunde. Mpelekaji aliyeruhusiwa baiti 65,535 tu kabla ya kupata jibu angeweza kupeleka baiti 131,070 kwa sekunde, sawa na biti milioni 1.05 hivi. Hata kama taasisi ilikodi njia ya biti milioni 4 kwa sekunde, mazungumzo moja yasingeweza kuitumia yote. Marekebisho yaliyotolewa mwaka 1992 yaliruhusu dirisha kubwa zaidi, lakini kila ongezeko la dirisha lilidai bafa kubwa zaidi katika mashine za pande zote mbili. Kanuni ni hii: bafa inayohitajika ni zao la kasi ya njia na muda wa kwenda na kurudi.

WINGI SI DAWA

Kumbukumbu ilipokuwa rahisi kununua, watengenezaji waliongeza bafa bila kupima. Kuanzia mwaka 2010 mhandisi wa Marekani Jim Gettys alieleza hasara yake. Kifaa chenye bafa za baiti 262,144, kikiwa mbele ya njia inayopitisha biti milioni 1 kwa sekunde, huhitaji sekunde 2.1 kuzimaliza zikijaa. Pakiti ya sauti ya mtu anayezungumza, ikiingia mwisho wa foleni hiyo, itafika salama lakini itakuwa imechelewa mno kueleweka. Tena mpelekaji hupunguza kasi anapoona pakiti zinapotea. Bafa kubwa ikificha upotevu, humnyima pia onyo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walipendekeza dawa ambayo haihesabu pakiti zilizomo katika foleni, bali hupima muda zinaokaa humo. Ikiwa kungoja kumezidi milisekunde 5 mfululizo kwa milisekunde 100, pakiti huanza kutupwa kwa makusudi.

HITIMISHO

Usimamizi wa bafa unajengwa juu ya mambo manne: kutenga kabla ya haja, kurudisha kila kilichochukuliwa, kutoahidi usichonacho, na kutolimbikiza kupita kiasi. Mfumo endeshi mzuri nao hutupa pakiti mara kwa mara. Tofauti yake ni kwamba huitupa pakiti inayostahili, kwa wakati unaostahili, na hubaki na nafasi ya kuipokea inayofuata.

MASWALI

1. Mtandao wapitisha biti bilioni 1 kwa sekunde. Pete ya nafasi 512 itajazwa na pakiti ndogo kabisa kwa muda gani?

2. Pakiti ya baiti 300 itahitaji mbuf ngapi zenye baiti 112 za data? Baiti ngapi zitabaki bila kutumika?

3. Akiba ina bafa 1,000. Mashine hupokea pakiti 500 kwa sekunde na hupoteza bafa moja katika kila pakiti 5,000. Akiba itakwisha baada ya muda gani?

4. Jumbe mbili zina pakiti 4 kila mmoja. Onyesha kwamba bafa 7 zatosha kuzuia mkwamo hata bila maombi ya nafasi. Je, jumbe tatu zenye pakiti 8 kila mmoja zahitaji bafa ngapi?

5. Eleza kwa nini kiendeshi huitupa pakiti iliyofika salama kinapokosa bafa ya badala. Ungekubali uamuzi huo kama pakiti isingeweza kutumwa tena?